Mpaka Hauzuii Sheria: Somo Kuhusu Mikataba ya Haki za Wanawake na Ukeketaji wa Kuvuka Mpaka



Katika toleo hili tumekusudia kusoma pamoja nanyi jambo ambalo wengi hulisikia redioni kwa majina makubwa, kama vile Mkataba, Itifaki, Azimio na Umoja wa Mataifa, kisha hubaki wakijiuliza majina hayo yanamhusu vipi mtu anayelima mahindi Bukwo au anayechunga ng'ombe Amudat. Jambo lenyewe ni juhudi za mataifa za kulinda haki za wanawake na kuleta usawa wa kijinsia. Uwanja huo ni mpana mno: una elimu, urithi, ardhi, ndoa, kura na mishahara. Tukitaka kuyasema yote katika kurasa chache hatutasema lolote la maana. Kwa hiyo tumeamua kuingia kwa mlango mmoja tu, nao ni ukeketaji wa wasichana na wanawake, hususan ule unaofanywa kwa kumvusha mtu mpaka. Tumeuchagua mlango huu kwa kuwa ndio unaofunguka moja kwa moja katika nyua zetu, na kwa kuwa watu wa mpakani ndio wanaoulizwa kwanza, na ndio wenye majibu, pindi mambo yanapoharibika.

Tuanze na neno lenyewe. Zamani watu walisema tohara ya wanawake, na wengine husema hivyo hadi leo. Tohara ni neno la usafi; lina heshima yake, na katika tohara ya wavulana hakuna anayeligombania. Neno ukeketaji limetokana na kukeketa, yaani kukata kwa kisu kibutu, kwa kukokota mbele na nyuma. Si neno la adabu, wala halikukusudiwa kuwa hivyo. Waliolichagua walitaka tendo liitwe kwa jinsi lilivyo. Baadhi ya wazee wetu huliona kuwa ni tusi kwa mama zao waliopitia mila hiyo, na hoja yao tunaielewa. Mwanamke aliyekatwa hana kosa la kudharauliwa. Katika somo hili tunalitumia kwa tendo, hatulitumii kwa mtu.

Jinsi mataifa yalivyolifikia jambo hili

Yako maneno yanayorudiwa katika mabaraza, kwamba kupinga ukeketaji ni fikra iliyoletwa na wageni jana au juzi. Historia haikubaliani na maneno hayo, ijapokuwa haiwaachi wageni bila lawama.

Mnamo mwaka 1958, Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa liliiomba Shirika la Afya Duniani ichunguze mila zinazowatia wasichana katika taratibu za kukatwa. Mwaka uliofuata Shirika hilo lilijibu kwamba jambo hilo ni la kijamii na kitamaduni, haliko katika mamlaka yake. Mwaka 1960 wanawake wa Kiafrika waliokutana Addis Ababa katika semina ya Umoja wa Mataifa waliliomba Shirika lilelile liuchunguze upande wa kitabibu. Msomaji na alitazame hilo vizuri: waliokuwa wakiomba ni wanawake wa Afrika, na waliosema si kazi yao ni wakubwa wa afya duniani. Ilichukua hadi Februari 1979, katika semina iliyofanyika Khartoum, ndipo Shirika la Afya Duniani lilipokaa na wajumbe wa nchi mbalimbali kuzungumzia madhara ya mila hizi kwa afya na kushauri zikomeshwe.

Mwaka huohuo, tarehe 18 Desemba 1979, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, unaojulikana kwa kifupi kama CEDAW. Ulianza kutumika tarehe 3 Septemba 1981. Kenya ilijiunga nao mwaka 1984, Uganda na Tanzania mwaka 1985. Ukiusoma mkataba huo mwanzo hadi mwisho hutakuta neno ukeketaji. Ibara yake ya 5 inazitaka nchi zibadilishe mienendo ya kijamii na kitamaduni inayotokana na imani kwamba jinsia moja ni duni kuliko nyingine, basi. Ilibidi kamati inayousimamia itoe pendekezo maalumu mwaka 1990, kuzitaka nchi zichukue hatua za kukomesha ukeketaji. Mwaka 1993 Azimio la Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake likautaja kwa jina miongoni mwa aina za ukatili.

Katikati ya hayo palikuwa na ugomvi, na si haki kuuficha. Katika mkutano wa wanawake uliofanyika Copenhagen mwaka 1980, wanawake wa Kiafrika walilalamika kwamba wenzao wa Ulaya na Marekani wanaizungumzia miili yao kana kwamba wao wenyewe hawapo chumbani. Malalamiko hayo yalizaa matunda. Mwaka 1984, mjini Dakar, iliundwa Kamati ya Afrika ya kushughulikia mila zinazoathiri afya ya wanawake na watoto, na kamati hiyo ndiyo iliyoitisha mkutano wa Addis Ababa wa Februari 2003, ambapo tarehe 6 Februari ilitangazwa kuwa siku ya kutovumilia ukeketaji hata kidogo. Siku hiyo, inayoadhimishwa sasa duniani kote, ilitangazwa kwanza katika ardhi ya Afrika.

Mwezi Julai mwaka huohuo wa 2003, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake. Itifaki hii haikuzunguka. Ibara yake ya 5 inataja ukeketaji kwa jina, inazitaka nchi ziukataze kwa sheria zenye adhabu, na inakataza pia ule unaofanywa hospitalini na wahudumu wa afya. Tanzania iliiridhia mwaka 2007, Uganda na Kenya mwaka 2010. Desemba 2012 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote ziukomeshe.

Mkataba unafanyaje kazi

Hapa ndipo wengi hupotea, nasi tutakwenda taratibu. Serikali inapotia saini mkataba, inatangaza nia. Inapouridhia, inajifunga. Lakini afisa wa polisi hawezi kumkamata mtu kwa kosa la kuvunja CEDAW, wala hakimu hawezi kumfunga mtu kwa Itifaki ya Maputo peke yake. Mkataba huifunga serikali. Serikali nayo ina wajibu wa kutunga sheria inayomfunga raia. Aidha, nchi zilizojiunga na CEDAW hutakiwa kupeleka taarifa kila baada ya miaka minne kueleza zilichofanya, na kamati ya wataalamu huwauliza wajumbe wao maswali hadharani. Huenda hilo likaonekana dogo. Hata hivyo serikali haipendi kuulizwa swali lilelile mara tatu mbele ya majirani zake.

Uganda ilitangulia kuweka msingi katika Katiba yake ya 1995, ambayo ibara ya 33 inakataza sheria, tamaduni, desturi na mila zilizo kinyume cha utu, ustawi au maslahi ya wanawake. Mwezi Julai 2010 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba ukeketaji unakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka huohuo sheria ya kukataza ukeketaji ikaanza kutumika. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2011. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 1998, kwa kurekebisha Kanuni ya Adhabu, ijapokuwa kwa upeo mdogo zaidi, kama tutakavyoona.

Funzo la Meru

Kabla ya kuzieleza sheria hizo, tunaomba msomaji arudi nasi nyuma hadi Meru, nchini Kenya, mwaka 1956. Wakati huo vita vya Mau Mau vilikuwa havijaisha. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa maafisa wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji. Amri ilitangazwa, faini zikawekwa, askari wakatumwa. Wasichana waliposikia, hawakushangilia. Walikwenda kununua nyembe dukani, wakaingia porini kwa makundi, wakakatana wao kwa wao. Rika hilo likapata jina la Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu hivi iliyofuata, maelfu ya watu walishtakiwa, wakiwemo wasichana wenyewe na wazazi wao, na mila ikaendelea.

Kwa nini tunalisimulia hili katika jarida la polisi? Kwa sababu linatuhusu sisi kwanza. Amri ile ilitoka kwa watawala ambao watu hawakuwa na sababu ya kuwaamini, ikawafikia wasichana ambao hakuna aliyewauliza neno. Kwao, kukatwa kulikuwa ndiyo njia pekee ya kuhesabiwa kuwa watu wazima, na marufuku iliondoa njia hiyo bila kuweka nyingine. Mtu akikuondolea daraja wala hakuonyeshi kivuko, utaogelea hata kama mto una mamba. Askari wa siku zile walifanya walichoamriwa. Tunaloliona sisi, tukisoma habari zao baada ya miaka yote hii, ni kwamba walifika kijijini wakiwa na pingu peke yake.

Wazee wa Sebei

Sasa tupande Mlima Elgon, upande wa Uganda, katika nchi ya Wasabiny: Kapchorwa, Kween na Bukwo. Kwa desturi, msimu wa kukatwa huko ni Desemba ya kila mwaka unaogawika kwa mbili. Mwanamke asiyekatwa alinyimwa mambo ambayo mgeni atayaona madogo: asipande ghalani kuchota nafaka, asikamue ng'ombe, asizoe samadi zizini, asitangulie kuchota maji mbele ya wenzake. Lakini mke asiyeweza kufungua ghala ataendeshaje nyumba? Kila siku anamwomba jirani au mke mwenza amchotee chakula chake mwenyewe. Ndiyo maana huko waliokatwa hawakuwa wasichana tu. Wako wanawake walioolewa, wenye watoto watatu au wanne, waliochoka na masimango ya mawifi wakaamua kwenda kwa ngariba. Sheria inayodhani kwamba mwathirika siku zote ni mtoto anayeburutwa haitawaona wanawake hawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 halmashauri ya wilaya ya Kapchorwa ilithubutu kupitisha uamuzi wa kulazimisha ukeketaji kwa wanawake wote. Miongoni mwa waliosimama kuupinga ni Jane Frances Kuka, mwalimu na mkuu wa chuo cha ualimu, yeye mwenyewe Msabiny. Serikali kuu iliingilia kati, na uamuzi ule haukusimama. Mwaka 1996 Bi. Kuka alichaguliwa kuwa mbunge, kisha akawa waziri mdogo wa masuala ya jinsia. Ni watu wachache katika historia ya nchi zetu waliokejeliwa na wazee wa kwao kisha wakapewa kura na wazee haohao.

Wazee nao hawakukaa vile vile. Mwaka 1992 ilianzishwa Jumuiya ya Wazee wa Sabiny ili kulinda utamaduni wao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilipoanza mpango wake wa afya ya uzazi huko Kapchorwa katikati ya miaka ya 1990, halikuanza kwa kuhubiri. Lilikaa na wazee hao. Swali lililowekwa mezani, kwa maneno yetu, lilikuwa hili: katika mila hii, ni nini mnachokithamini, na kisu kina kazi gani ndani yake? Wazee wakapambanua wenyewe. Mafunzo ya utu uzima, zawadi, nyimbo, ngoma na heshima ya familia vilikuwa na thamani. Kisu kilikuwa alama tu, na alama yaweza kubadilishwa. Ikaanzishwa Siku ya Utamaduni ya Wasabiny, ya kusherehekea yale ya kujivunia bila damu. Idadi ya waliokatwa, iliyokuwa 854 katika msimu wa 1994, ilishuka hadi 544 katika msimu wa 1996. Mwaka 1998 Jumuiya hiyo ya wazee ilitunukiwa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu.

Tungependa kuishia hapo, lakini ukweli hauruhusu. Mwanzoni mwa mwaka 2019, baada ya msimu wa Desemba 2018, zilienea habari za wanawake kukatwa kwa makundi katika wilaya za Sebei. Vyombo vya usalama vilipelekwa na watu kadhaa wakakamatwa huko Kween. Hesabu za kitaifa zilikuwa zimewapumbaza wengi: utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba nchini Uganda waliokeketwa ni asilimia 0.3 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Wastani wa taifa zima humficha mtu wa Bukwo kama ukungu wa asubuhi unavyouficha mlima.

Kenya nayo imeshuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022, na Tanzania kutoka asilimia 18 mwaka 1996 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Duniani, kwa hesabu ya UNICEF ya mwaka 2024, wanawake na wasichana walio hai waliokwisha kukeketwa ni zaidi ya milioni 230.

Mpaka unapogeuzwa maficho

Watu wa mpakani hawahitaji kufundishwa kwamba mstari wa ramani ulipita katikati ya nyua. Wasabiny wana ndugu zao Wasabaot upande wa Kenya; Wapokot wako Amudat na wako Pokot Magharibi; Wakuria wako Tarime na wako Migori; Wamasai na Wasomali vivyo hivyo. Mtu huvuka kwenda sokoni, harusini, matangani au hospitali, na hakuna ubaya. Ubaya huja pale ambapo udugu huu, ambao ni neema, unatumiwa kumpeleka msichana mahali ambapo polisi wa kwao hawamwoni.

Mwezi Aprili 2019 mawaziri na maafisa wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa na kutoa tamko pamoja na mpango wa kukomesha ukeketaji wa kuvuka mpaka. Sababu ya kukutana kwao ilikuwa wazi: sheria za nchi hizi hazilingani. Uganda na Kenya zinakataza ukeketaji kwa wanawake wa umri wote. Sheria ya Tanzania inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inakataza tohara ya wasichana, lakini marufuku hiyo haikufuatiwa na sheria ya adhabu. Mahali sheria zinapopishana ndipo mangariba hupata upenyo.

Tuchukue mfano, na tunasema wazi kuwa ni wa kubuni. Msichana wa miaka 15 anaishi Bukwo. Likizo ya Desemba inapofika, baba yake anamchukua na kumvusha Suam, anampeleka kwa shangazi yake katika kaunti ya Trans Nzoia. Huko anakatwa na ngariba Mkenya, nyumbani kwa shangazi. Baada ya majuma matatu anarudishwa. Baba anawaambia majirani: limefanyika Kenya, Uganda hainihusu.

Baba amekosea. Sheria ya Uganda inayafikia makosa yaliyotendwa nje ya nchi iwapo aliyetendewa ni mkazi wa kawaida wa Uganda. Tena mzazi anapokuwa mshiriki, kosa huhesabiwa kuwa zito zaidi: badala ya kifungo kisichozidi miaka 10, huweza kufikia kifungo cha maisha. Ngariba anakabiliwa na sheria ya Kenya, yenye kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000 za Kenya, au vyote viwili. Na msichana akifariki, kifungo cha maisha. Shangazi amejitia katika makosa kadhaa kwa mkupuo mmoja: kusaidia, kutoa nyumba itumike, na kupanga mtu aletwe Kenya kwa kusudi la kukeketwa, ambalo ni kosa la peke yake. Sheria hiyohiyo ya Kenya inaifanya safari kinyume chake, yaani kumtoa mtu Kenya kumpeleka nchi nyingine akakeketwe, kuwa kosa pia. Wanaowapeleka wanawake watu wazima Tanzania kwa kutegemea kwamba sheria ya huko ina umri, walijue hilo kabla ya kufunga mizigo.

Na majirani waliojua wakanyamaza? Uganda inamtaka anayejua kwamba ukeketaji umefanyika, unafanyika au umepangwa atoe taarifa katika muda wa saa 24. Kenya nayo inahesabu kunyamaza kuwa kosa.

Yako maswali mawili ambayo hatukosi kuulizwa tunapokaa na wananchi. La kwanza: mwanamke mzima aliyekubali mwenyewe, sheria inamtafutia nini? Swali hili lilifika Mahakama Kuu ya Kenya, pale daktari mmoja alipodai kwamba sheria ya 2011 inawanyima wanawake watu wazima uhuru wao. Mwezi Machi 2021 mahakama ilikataa hoja hiyo, baada ya kusikiliza ushahidi wa jinsi shinikizo la jamii linavyofanya kazi juu ya wanawake. Turudi kwenye ghala la Sebei. Mke anayekubali kukatwa ili aruhusiwe kuchota mtama wake mwenyewe, je, amekubali kukatwa, au amechoka kuombaomba? Sisi tunaona jibu liko wazi. Ndiyo maana sheria hazikuishia kwa ngariba. Nchini Uganda, kumbagua mwanamke kwa kuwa hakukatwa ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Nchini Kenya, kumdhihaki mwanamke kwa sababu hiyo, au kumdhihaki mume wake, kuna kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua shilingi 50,000. Vifungu hivi havijulikani sana vijijini, nasi tunadhani vina uzito kuliko vile vinavyotajwa kila siku, kwa sababu vinagusa wifi, mama mkwe na mlevi wa kilabuni, yaani mahali ambapo shinikizo linaanzia.

Swali la pili ni gumu zaidi. Sheria ya Uganda inamhesabu hata mwanamke aliyejikeketa mwenyewe kuwa mkosaji. Watu huuliza: basi anayevuja damu si atajificha ndani hadi afe, kuliko kuja hospitalini akamatwe? Hofu hiyo ni ya kweli, nasi hatutaibeza. Tunachosema ni hiki: mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya kwanza, upande wowote wa mpaka ulio karibu, na maswali yafuate baadaye. Damu nyingi, homa, au mkojo kuzuilika ni mambo ya saa chache, si ya kesho. Mashahidi tunaowahitaji hasa ni wa kutufikisha kwa waliopanga, waliolipa na waliokata.

Yanayotusaidia, na yasiyotusaidia

Afisa wa Uganda hawezi kuvuka Suam akamkamate ngariba, wala mwenzake wa Kenya hawezi kuja Bukwo kumkamata baba. Kila mmoja hupitia kwa mwenzake. Kwa ajili ya kazi za namna hii wakuu wa polisi wa kanda yetu walianzisha shirika lao la ushirikiano mwaka 1998 mjini Kampala. Hata hivyo njia hiyo huchukua muda, na ushahidi wa ukeketaji hausubiri: jeraha hufunga, msichana huozwa, shahidi ambaye ni shangazi hukumbuka kwamba yeye ni shangazi. Taarifa inayotufikia kabla ya safari ina thamani mara nyingi kuliko ile inayotufikia baada ya msichana kurudi. Mwalimu mkuu anayeona wasichana wa darasa la saba wakiaga mapema katika mwezi wa Novemba, dereva wa bodaboda aliyekodiwa kubeba wasichana watatu usiku, muuza duka aliyeuza nyembe nyingi kwa mama mmoja: hao huona kabla yetu.

Anayetoa taarifa si lazima aje kituoni mchana kweupe. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo Uganda, Kenya na Tanzania, kila nchi ikijibu simu zake. Nchini Kenya iko pia namba 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Nchini Uganda mwulize afisa wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Nchini Tanzania nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ambaye hana simu na amwone mwenyekiti wa kijiji, chifu, mtendaji, mwalimu au mhudumu wa afya anayemwamini.

Anayepiga simu hahitaji kuthibitisha lolote. Kuthibitisha ni kazi yetu. Tunachohitaji ni jina la kijiji anakotoka msichana, kivuko wanachokusudia kupita, siku ya safari, na upande wa pili wanafikia kwa nani. Kama anajua mawili tu kati ya hayo, na apige na hayo mawili.